Sekunde 38 kutoka Country Bus

Video yenyewe, tangazo la fundi mmoja wa masanduku jijini Nairobi, ina urefu wa dakika 2 na sekunde 4. Ilipigwa kwa simu yenye ufa kwenye kioo, katika karakana za jua kali za Kamukunji, na aliyeipiga ni kijana wa miaka 19 ambaye mjomba wake hutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Gharama yote, kama kijana alivyonihesabia kwa vidole, ilikuwa shilingi 1,150: kopo la rangi ya kuandikia kibao, bando la wiki, nauli, na chai na mandazi ya mafundi waliokubali kusimamisha kazi kwa muda. Aliniletea mwezi wa Desemba 2025, akaniomba niitazame kwa jicho la kazi, kwa kuwa anajua kwamba nilihariri filamu kwa miaka kadhaa kule River Road, enzi zile zilipouzwa kwa VCD. Nimeitazama zaidi ya mara 30. Nataka kuieleza kipande kwa kipande, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kukata na kuunga picha, nilikuwa sijalielewa.

Kwanza niseme kwamba sina haki ya kujiita mtazamaji asiyeegemea upande wowote. Nilipoingia Kidato cha Kwanza mwaka 1998, baba alinipeleka Kamukunji, na sanduku tulilonunua lilitoka kwenye mkono wa fundi huyu huyu. Aliliandika jina langu na nambari yangu ya shule kwa rangi nyeupe, herufi moja baada ya nyingine, bila kupiga mstari wa kufuata, na nambari ile bado inasomeka. Sanduku liko kwa mama, limejaa mablanketi. Kwa hiyo ninapoandika juu ya tangazo la mtu huyu, naandika juu ya mtu ambaye kazi yake nimeishi nayo kwa zaidi ya robo karne, nami natamani kwa dhati apate wateja.

Na wateja alikuwa amewapoteza, kwa sababu ambayo haikutokana na ubora wa kazi yake. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, karibu kila mwanzo wa mwaka kundi jipya la wanafunzi liliingia Kidato cha Kwanza, na wengi wao walikwenda bweni wakiwa na sanduku la bati, godoro na ndoo. Mafundi wa Kamukunji waliipanga kalenda yao kwa msimu huo kama mkulima anavyoipanga yake kwa mvua. Kisha mtaala ukabadilika. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mwaka 2023, kundi la mwisho la Kidato cha Kwanza likaingia Januari 2024, na watoto wa kundi la kwanza la mtaala mpya walikuwa bado katika sekondari ya chini, ambayo iko kwenye viwanja vya shule za msingi na ambayo wengi huiendea kutoka nyumbani. Januari 2025 ikafika, na hapakuwa na kundi jipya la kuingia sekondari. Fundi alikuwa amenunua bati mwezi wa Novemba kama alivyozoea. Aliniambia kwamba alikata sehemu ya bati hiyo akatengenezea mabeseni na majiko, na iliyobaki akaifunika kwa turubai. Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, ilipokaribia kuanza Januari 2026, mpwa wake aliona kwamba wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuzoea kununua mabegi ya magurudumu, na kwamba lazima mtu awakumbushe kuwa Kamukunji ingalipo. Ndipo wazo la video likazaliwa.

Inaanza vibaya. Kwa sekunde 9 nzima jina la biashara linazunguka hewani kwa herufi za dhahabu zenye kuwaka moto, na kwenye pembe ya chini kuna jina la programu ya bure iliyotumika kutengeneza moto huo. Ninaelewa hamu iliyomsukuma kijana: alitaka tangazo la mjomba lifanane na matangazo ya televisheni, lionekane la watu wanaojiweza. Lakini hebu mfikirie mzazi aliyeketi ndani ya matatu barabara ya Jogoo, simu mkononi, kidole kikiwa tayari kusogeza mbele. Mtu huyo hana sababu ya kusubiri sekunde 9 ili aone jina asilolijua likiungua. Kwa miaka mingi Status ya WhatsApp, ambayo ndiyo uwanja mkuu wa matangazo ya wafanyabiashara wadogo wa Nairobi, ilikubali sekunde 30 tu kwa kipande kimoja, na kwa kipimo hicho moto huu ungekula karibu theluthi moja ya nafasi. Nilimwambia auondoe wote, naye alikubali, ingawa niliona kwamba ilimuuma.

Baada ya moto anatokea fundi mwenyewe, amesimama nje, akiitazama simu. Saa ilikuwa karibu sita za mchana. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na mwezi wa Desemba jua la adhuhuri hukaa nyuzi 22 hivi kutoka utosini, kiasi kwamba mwanga hushuka kichwani karibu wima. Kwa mtu aliyevaa kofia maana yake ni moja: macho yanatoweka. Tunaona pua na kidevu vikiwaka, na juu yake shimo jeusi mahali ambapo mteja angetaka kuona macho ya anayemuuzia. Dawa yake haina gharama yoyote. Hatua mbili nyuma yake kuna paa la bati la kibanda, na chini ya ukingo wa paa hilo, akiwa ameelekea nje, mwanga wa anga ungemwangukia usoni laini na sawasawa. Wapiga picha wa mitaani wa zamani, waliofanya kazi bila taa, waliwasimamisha watu vizingitini kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini maneno yake! Hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu video hii. Hasemi kwamba masanduku yake ni bora kuliko ya wengine wote, wala hasemi kwamba bei imeshushwa kwa leo tu. Anasema: "Mzazi, karibu Kamukunji. Natengeneza masanduku tangu 1991. Nataka kukuonyesha namna ya kuchagua sanduku, hata kama hutanunua kwangu." Kisha anachukua vipande viwili vya bati. Anaeleza kwamba kimoja ni geji 28 na kingine geji 32, na kwamba katika geji nambari ikipanda bati huwa jembamba, jambo linalowachanganya wanunuzi wengi na kuwafanya wadhani kwamba 32 ni bati nzito kuliko 28. Halafu anavigonga kwa kifundo cha kidole, kimoja baada ya kingine. Kile kinene kinatoa sauti nzito, fupi, kama mlango. Kile chembamba kinalia kwa muda mrefu, kikitetemeka. Anagonga tena, bila kusema neno. Ni sekunde 14 tu, na mtazamaji anatoka hapo na elimu ambayo ataibeba katika duka lolote atakaloingia.

Nimejiuliza kwa nini sekunde hizo zina nguvu kiasi hicho, na nadhani ni kwa sababu zinampa mnunuzi kipimo kabla ya kumwomba fedha. Wanaotangaza biashara ndogo mara nyingi husifu bidhaa kwa vivumishi, na vivumishi havimgharimu kitu anayevitamka. Kumfundisha mteja kugonga bati ni tofauti, kwa kuwa fundi anajiweka mwenyewe katika hatari: mteja akija kwake atagonga, na bati isipolia inavyotakiwa ataondoka.

Ninasikitika kwamba maneno hayo yalikaribia kupotea kwa sababu ya sauti. Kamukunji si mahali pa kurekodia hotuba. Mamia ya nyundo hupiga pamoja kuanzia asubuhi, nyingi zikiangukia juu ya vipande vya reli vinavyotumiwa kama fuawe, na mlio huo hauna pumziko. Simu nyingi huirekebisha sauti zenyewe: kukiwa kimya huinua, kukiwa na kelele hushusha. Kwa hiyo kila nyundo iliyo karibu inapotua, simu inashusha kila kitu, pamoja na sauti ya fundi, na silabi mbili tatu zinamezwa. "Natengeneza masanduku tangu" linasikika, "tisini na moja" halisikiki. Kijana alijaribu kulitatua tatizo hilo kwa kuweka wimbo maarufu chini yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikawa sasa sauti tatu zinagombania sikio moja. Tena wimbo ule si wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haimpi mtu ruhusa ya kutangazia biashara yake kwa wimbo wa mwingine bila idhini, na mitandao yenyewe huzizima sauti za video za namna hiyo. Biashara iliyoijenga heshima yake kwa miaka 34 haistahili kuonekana mtandaoni ikiwa bubu.

Tulichofanya ni hiki, na ninakieleza kwa kirefu kwa sababu kinaweza kumfaa mtu mwingine. Kutoka Kamukunji hadi Gikomba ni mwendo mfupi wa miguu. Gikomba kuna vibanda vya mitumba vinavyouza makoti mazito tu, yametundikwa kutoka darini hadi sakafuni pande zote tatu. Sufu na pamba humeza mwangwi. Tulimwomba mama mmoja mwenye kibanda atuazime robo saa, mapema kabla wateja hawajajaa, na fundi akasimama katikati ya makoti, simu ya pili ikiwa mfukoni mwa shati lake, karibu na kidevu, akasema upya maneno yake yote. Nimewahi kukaa katika studio zilizozibwa kuta kwa sifongo maalumu ambazo hazikunipa sauti safi namna ile. Kisha tuliiweka sauti hiyo juu ya picha za kazi, na mlio wa nyundo tukauacha chini yake, mdogo, usikike kama mtu anavyousikia akiwa mlangoni mwa karakana. Nyundo zenyewe sikutaka ziondoke kabisa, maana hizo ndizo zinazokuambia kwamba sanduku halikushushwa kutoka kontena.

Kuna pia sekunde 11 zilizopigwa ndani ya stoo, chini ya taa ndefu ya mrija, ambamo michirizi myeusi inapanda polepole kwenye picha. Kijana alidhani kamera imeharibika. Haijaharibika. Umeme wa Kenya huenda kwa mzunguko wa mara 50 kwa sekunde, na taa za aina hiyo hupepesa mara 100, ilhali simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kupiga picha 30 kwa sekunde, hesabu iliyozoeleka katika nchi ambazo umeme wake ni wa mara 60. Ukiiweka simu kwenye picha 25, kama programu ya kamera inakuruhusu, michirizi hutulia. Ikikataa, toa sanduku nje. Tulilitoa nje.

Sehemu ya wanaume watatu waliopanda juu ya sanduku sina mengi ya kusema juu yake. Ni nzuri. Kosa lake pekee ni kwamba simu ilielekezwa kwenye miguu na sanduku tu, hivyo mtazamaji hawezi kujua kama watu hao wameshika kitu juu kinachowapunguzia uzito. Ilipopigwa mara ya pili, kamera ilianza kwenye sanduku, ikapanda taratibu hadi kwenye nyuso na mikono mitupu, kisha ikashuka tena, bila kukatwa.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya niandike makala hii.

Kuanzia dakika 1 na sekunde 12, video inaacha masanduku kabisa. Kijana anashika simu kifuani, anasimama penye lango la kituo cha mabasi cha Machakos, ambacho wote tunakiita Country Bus, na kuanza kutembea. Hakuna anayesema kitu. Tunaona migongo ya watu, mkokoteni uliojaa viazi, kijana anayeuza soksi, ukuta wenye mabango yaliyochanika, mama anayeuza uji kwenye kona akiwa amevaa aproni ya kijani, matope, safu ya masufuria yanayong'aa, na hatimaye kibanda cha fundi. Vipande ni vinne, na jumla yake ni sekunde 38. Simu inatikisika. Kipande cha tatu kina kidole kwenye lenzi.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilimwambia akate yote hayo. Nilimwambia kwa uhakika wa mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. River Road tulifundishana kwamba picha ya mtu anayetembea bila tukio ni mzigo, kwamba mtazamaji akijua mtu anatoka hapa kwenda pale basi mwonyeshe akitoka na mwonyeshe akifika. Niliona sekunde 38 kuwa karibu theluthi ya video nzima iliyopotezwa kwa matope. Nikampa kalamu aandike: Country Bus sekunde 2, kibanda sekunde 3, basi. Akaandika. Ila hakuwa na nafasi ya kuikata wiki ile, na video ikaendelea kusambaa kwenye simu za watu jinsi ilivyokuwa, na mimi pia niliituma kwa ndugu.

Mmoja wa niliowatumia ni shangazi yangu wa Kitui, ambaye mjukuu wake alikuwa anajiandaa kuingia Gredi ya 10. Shangazi ana miaka 67. Ananunua kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mwaka uliotangulia alituma fedha kwa mtu aliyetangaza mashine ya kukamulia alizeti mtandaoni, akiwa na picha nzuri sana za mashine, na mashine haikufika, na nambari ile ikazimwa. Hakunipigia kuniuliza chochote. Alipanda gari alfajiri, akashuka Country Bus, akafungua video, na akaanza kutembea akiisimamisha na kuiendeleza, akilinganisha alichokiona kwenye simu na alichokiona mbele yake. Aliuona ukuta wa mabango. Alimwona mama wa uji. Alinipigia simu akiwa kwenye kona hiyo.

"Mwanangu," alisema, "nimefika kwa huyu mama wa kijani. Hapa video inaruka. Sasa niende wapi?"

Nilikuwa kazini. Nilifungua video nikaenda kwenye sekunde hiyo, na nikaona alichokuwa anakisema. Kati ya kipande cha tatu na cha nne kijana alikuwa ameacha kona. Kipande cha tatu kinaishia kwa mama wa uji, cha nne kinaanzia kwenye safu ya masufuria, na kati yake kuna njia panda ambayo mgeni hawezi kuijua. Mimi niliyeitazama video ile mara nyingi kiasi hicho, na ambaye naijua Kamukunji, sikuwahi kuiona kona hiyo ikikosekana, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yakiijaza yenyewe.

Alifika, maana mama wa uji alimwelekeza. Jioni aliponisimulia nilimuuliza kwa nini hakuniuliza kwanza mimi, wala hakuipiga ile nambari iliyo mwishoni mwa video. Alinijibu kwamba nambari mtu yeyote anaweza kuiandika, na picha ya sanduku mtu yeyote anaweza kuipata, lakini huyu kijana ametembea kutoka mahali ninapopajua mimi mpaka mlangoni kwao. Mwizi, alisema, hakuonyeshi njia ya kwenda kwake.

Nimelifikiria jibu hilo kwa wiki kadhaa. Mwenyeji wa Nairobi hatoi anwani kwa jina la mtaa na nambari ya nyumba. Anakuambia ushuke wapi, upite nini, ukifika kwenye kitu fulani uulize. Anwani yetu ni mwendo. Na mtu aliyewahi kutapeliwa hamwulizi muuzaji kwanza kama bidhaa ni nzuri. Anajiuliza kama muuzaji yupo, na kama kesho akirudi na malalamiko atamkuta. Ndiyo maana wengi wetu tunataka kulipa baada ya kupokea mzigo, na ndiyo maana tunapolipa kwa nambari ya till tunasoma kwa makini jina linaloonekana kwenye ujumbe wa M-Pesa kabla ya kuondoka. Picha nzuri ya bidhaa haijibu swali hilo. Yaweza kuwa imeokotwa popote duniani. Mwendo usiokatwa kutoka kwenye lango la kituo kinachojulikana na kila mtu wa Ukambani unalijibu. Kile nilichokiona kuwa mzigo kilikuwa ushahidi, na kila mahali ambapo kijana alikata, ushahidi uliingia pengo.

Kwa hiyo nilirudi kwake nikamwambia kwamba nilikosea, na kwamba shauri langu la mwanzo lingeiharibu video. Nilipendekeza atembee upya kuanzia langoni hadi kibandani bila kukata, mwendo wa dakika 4 hivi, halafu aiharakishe picha mara 6, iwe sekunde 40. Tulijaribu. Haikufaa, kwa sababu watu walionekana wakirukaruka kama kuku, na mjomba alisema kwamba hataki wateja wake wachekwe kabla hawajafika. Kijana ndiye aliyepata njia iliyo bora: vipande vibaki, ila kila kimoja kianze na kitu kile kile ambacho kilichotangulia kimeishia nacho, ili jicho lishike mkono wa jicho. Ukuta wa mabango unafunga kipande cha pili na kufungua cha tatu. Juu ya picha hizo tuliweka sauti ya fundi iliyorekodiwa kwenye makoti, akielekeza kama anavyomwelekeza mtu kwa simu: "Ukishuka, ukiwa umeipa gari mgongo, fuata ukuta huu." Maandishi makubwa tukayaweka chini, kwa ajili ya wanaotazama ndani ya matatu ambamo muziki hauruhusu sauti nyingine.

Jambo la lugha nalo lilitupa mjadala. Kijana alitaka mjomba azungumze Sheng, au achanganye na Kiingereza, kwa kuwa ndivyo zinavyozungumza video nyingi anazozitazama. Nilimuuliza anayetoa fedha ya sanduku ni nani. Ni mama na baba, ni nyanya na babu, na wengi wao wanashuka Country Bus wakitoka Kitui, Machakos na Makueni. Kiswahili cha fundi ni cha kazini, kina ribiti, lehemu, mkasi wa bati na geji, hakina haraka, na kinamwita mtu mzazi. Niliona, na bado naona, kwamba kukibadilisha kungekuwa sawa na kumvisha fundi koti la kuazima siku ya picha. Mjomba mwenyewe aliumaliza mjadala kwa kuendelea kuzungumza kama anavyozungumza siku zote.

Toleo la pili lilikamilika siku chache kabla shule hazijafunguliwa. Lina dakika 1 na sekunde 50. Linaanza na kifundo cha kidole kikigonga bati, mara mbili, kabla ya uso wala jina. Fundi anaonekana macho. Wimbo haupo. Till imeandikwa kwenye kibao nyuma yake, kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe na kwa herufi zile zile zilizoandika jina langu mwaka 1998, badala ya kuelea kwenye kadi ya mwisho yenye rangi kumi. Mwendo wa miguu, ambao nilitaka uwe sekunde 5, sasa una sekunde 43, kwa sababu kijana aliongeza ile kona. Anafika kwa mama wa uji, anasimama, anageuza simu nyuma hadi tunaliona lango la Country Bus kwa mbali kati ya vichwa vya watu, kisha anairudisha mbele. Mama wa uji hakuwa ameambiwa la kufanya. Anaitazama simu, anainua upawa kama afanyavyo kila akiulizwa njia, na kuuelekeza kulia, kwenye masufuria.